Mkoba wa kifahari "uliosukwa na akina mama wa Afrika": hela inamfikiaje msusi?

MsusiWaUkambani (mwanzisha uzi)

Habari zenu wanajukwaa.

Naleta mada iliyonikaa moyoni muda mrefu. Siku hizi chapa nyingi kubwa za mitindo zinasema zinafanya kazi na mafundi wa vijijini au wa mitaa ya mabanda. Mkoba unakuja na lebo yenye picha ya mama anayetabasamu, na maelezo kwamba ukiununua umemsomeshea watoto. Zipo chapa zinazofanya kazi hiyo kwa dhati, na zipo zinazopiga picha na kuondoka. Mimi nasimamia ubora katika kikundi cha akina mama wanaosuka vyondo huku Ukambani, na nimesuka tangu nikiwa msichana. Ninachoamini ni hiki: kinachomsaidia msusi ni namna oda inavyotolewa. Malipo ya awali ni kiasi gani? Muda wa kusuka unatosha? Kiondo kikikataliwa, hasara ni ya nani? Na huyo mnunuzi mwakani atarudi?

Nieleze kidogo kazi yenyewe, maana wengi wanaona kiondo kikiwa tayari dukani. Mkonge hukatwa, majani yanaparuzwa mpaka zibaki nyuzi tupu, nyuzi zinaoshwa, zinaanikwa, kisha zinachemshwa na rangi. Hapo ndipo inaanza kazi ambayo mnunuzi haioni kabisa, nayo ni kusokota. Msusi anakaa chini, ananyoosha mguu, anaweka nyuzi juu ya paja na kuziviringisha kwa kiganja, mbele kisha nyuma, mpaka zishikane ziwe kamba moja nyembamba. Anaunga nyuzi nyingine, anaendelea. Kamba ikiwa nene hapa na nyembamba pale, kiondo kitapinda hata msusi awe hodari vipi. Kiondo chenye kamba laini, kile ambacho maduka ya kifahari yanakitaka, kinaweza kula muda mrefu kwenye kusokota kuliko kwenye kusuka. Ndipo unaanza kitako, unapandisha pande, unafunga mdomo, na mwishowe kinaenda kwa fundi wa ngozi kuwekwa mikanda.

Nyanya zetu walisokota nyuzi za maganda ya mbuyu. Mkonge ulikuja baadaye. Asili yake ni Mexico; ulifika Tanganyika mwaka 1893, ukaletwa na Mjerumani Richard Hindorf, ukaenea mpaka ukawa kama wa kwetu.

Sasa mnunuzi akija kijijini huuliza, "Kimoja bei gani?" Hapigi hesabu ya saa. Na msusi mwenyewe hazihesabu, kwa sababu anasokota akienda sokoni, akiwa mkutanoni, akichunga mbuzi. Kwa hiyo bei inapangwa kwa gharama ya nyuzi na rangi, halafu panaongezwa kidogo. Dhuluma inaanzia hapo, mara nyingi bila mtu yeyote kuikusudia.

Mfano wa upande mzuri. Mwaka 2009 Kituo cha Biashara cha Kimataifa (ITC) cha Geneva, ambacho ni cha Umoja wa Mataifa na Shirika la Biashara Duniani kwa pamoja, kilianzisha mpango wa mitindo yenye maadili chini ya Simone Cipriani. Kauli yao ilikuwa kwamba hawaleti sadaka, wanaleta kazi. Wakawaunganisha mafundi wa Nairobi na marehemu Vivienne Westwood, mbunifu wa mitindo wa London, na mikoba ikaanza kutengenezwa Nairobi kwa turubai kuukuu, mabango ya barabarani yaliyokwisha muda wake, mabaki ya ngozi, na vifungo vya brasi iliyoyeyushwa kutoka kufuli na mabomba mabovu. Nilichokipenda ni kwamba mafundi walikaa na wabunifu wakapima ni kazi gani inawezekana na kwa muda gani, na oda zikarudi msimu baada ya msimu.

Naomba tuchangie. Wasusi, wafanyabiashara, wanunuzi, wote karibuni.

---

Kariakoo_Juu

Dada, mada nzuri, ila niulize kwa nia njema. Tajiri wa Paris akitoa maelfu ya euro kwa mkoba, si ni wazi kwamba hata sehemu ndogo ikishuka chini inamtosha fundi? Naona kama bei kubwa peke yake inaleta nafasi. Sisi huku kikapu cha ukili tunabishana mpaka mama wa watu anakata tamaa, halafu tunalaumu Wazungu.

---

MsusiWaUkambani

Kaka, kuhusu sisi kubishana bei umesema kweli na inauma. Ila bei kubwa dukani haithibitishi chochote. Mwaka 2024 mahakama ya Milan iliweka chini ya uangalizi kampuni inayotengeneza bidhaa za Dior nchini Italia, baada ya uchunguzi kuhusu karakana za wakandarasi wadogo ambako wafanyakazi, wengi wao Wachina, walikuwa wakifanya kazi katika hali mbaya na wengine kulala humohumo. Nyaraka za uchunguzi zilitaja mkoba ambao mkandarasi alilipwa euro 53 kuuunganisha, ngozi ikiwa kando, na dukani ukauzwa euro 2,600. Hiyo ni Italia, nchi yenye vyama vya wafanyakazi na wakaguzi wa kazi. Hela haishuki yenyewe. Inashuka pale ilipoandikwa kwenye mkataba kwamba itashuka.

---

MluluIringa

Salaam kutoka Iringa. Huku tunasuka kwa milulu, majani ya kwenye vinamasi. Yanakatwa, yanaanikwa, na yakipata unyevu kabla ya kukauka yanaingia ukungu mweusi na huwezi kuyatumia kwa kazi ya kuuza nje. Kwa hiyo malighafi ina msimu wake. Wanunuzi wengi hawalielewi hilo. Wanatuma oda kubwa wakati wa masika wakidhani kuna ghala la milulu mahali.

Niongeze jambo kuhusu jamii zilizosahaulika. Hapa mjini ipo Neema Crafts, iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Kanisa Anglikana, inayoajiri watu wenye ulemavu. Ukienda pale, kwenye mgahawa utahudumiwa na viziwi, na kwenye karakana utakuta wanafuma vitambaa na kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Ninachokiheshimu ni kwamba bidhaa inasimama kwa ubora wake. Mgeni ananunua kitambaa kwa sababu kizuri, kisha ndiyo anajua kimefumwa na nani. Ukianza na huruma, mnunuzi atanunua mara moja. Ana mashangazi wangapi wa kuwapa zawadi ya huruma?

---

KigaliMjini

Nimefurahi kuuona uzi huu. Kiswahili changu ni cha kuishi na Watanzania, mtanisamehe.

Rwanda tuna historia ndefu na jambo hili kupitia agaseke, kile kikapu chenye mfuniko uliochongoka. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, wajane wa waliouawa na wanawake ambao waume zao walikuwa gerezani walikaa pamoja wakasuka. Ndugu wawili, Janet Nkubana na Joy Ndungutse, wakajenga kampuni ya Gahaya Links, na mwaka 2005 vikapu vikaanza kuuzwa Marekani kwenye maduka ya Macy's. Mnunuzi wa kudumu alibadilisha hesabu za nyumba nyingi vijijini. Mwanamke aliyejua kwamba mwezi ujao kuna oda aliweza kufungua akaunti, kukata bima ya afya, kununua ng'ombe.

Mfano wa pili ni tofauti kidogo. Huko Masoro, wilaya ya Rulindo, kuna kiwanda cha mikoba cha Abahizi ambacho kilianza kufanya kazi na chapa ya Kate Spade ya New York kupitia mpango wao wa "on purpose" mwaka 2014. Wale wanawake ni waajiriwa wa kudumu wenye mshahara wa mwezi, na Abahizi ni kampuni inayotakiwa kupata faida na kutafuta wateja wengine. Mimi naona huo ndio mwelekeo. Chapa ikibadilisha mkurugenzi au msimu ukawa mbaya, kampuni yenye wateja kadhaa haianguki siku hiyohiyo.

Na tusisahau siasa za ushuru. Vikapu na nguo vilikuwa vikiingia Marekani bila ushuru chini ya AGOA, sheria ya mwaka 2000. Mwaka 2018 Marekani ikasimamisha nafuu hiyo kwa nguo za Rwanda kwa sababu tulikuwa tumepandisha ushuru wa mitumba ili kulinda viwanda vyetu. Fundi cherehani wa Kigali hakuwepo kwenye kikao chochote kati ya hivyo.

---

Kariakoo_Juu

Nimeelewa, dada. Lakini huyo wa mshahara wa Masoro na msusi wa nyumbani ni watu wawili tofauti. Kwa nini na ninyi msiwe na kiwanda?

---

MsusiWaUkambani

Kwa sababu msusi wetu ana shamba, ana watoto, na wengine wana wagonjwa wa kuhudumia. Akina mama wengi hawataki kukaa kwenye kiwanda saa nane kwa siku kilomita nyingi kutoka nyumbani. Kusuka kunaingia katikati ya kazi nyingine, na ndiyo maana kumedumu vizazi vyote hivi. Ila kwa sababu yuko peke yake nyumbani, ni rahisi kumbebesha hasara. Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Kuna mnunuzi mmoja wa Ulaya aliyetuletea oda kubwa ya vyondo vya rangi ya udongo. Hakutoa malipo ya awali. Alisema utaratibu wa kampuni yao ni kulipa siku 60 baada ya mzigo kufika. Akina mama walikopa kwenye chama chao cha kuweka na kukopa, wanunue nyuzi na rangi. Mzigo ulipokaribia kuisha, ikaja barua pepe kwamba wameamua kubadilisha rangi za msimu, oda imepunguzwa kwa nusu. Vile vilivyobaki vilikaa kwenye nyumba ya mwenyekiti wetu. Vingine tuliviuza Nairobi kwa bei ya kutupa, na mkopo wa chama ukalipwa kwa mbuzi. Hakuna sheria iliyovunjwa, kwa sababu hakukuwa na karatasi iliyosema chochote kuhusu kupunguza oda. Na kwenye tovuti yao picha zetu zilibaki.

Kwa hiyo watu wanaponiuliza kama kampuni fulani "ina maadili", huwa nauliza kwanza: inalipa lini? Shirika la Biashara ya Haki Duniani, WFTO, lina kanuni kwamba mnunuzi wa kazi za mikono akiombwa atoe malipo ya awali yasiyo na riba, angalau asilimia 50. Kanuni hiyo moja ingefuatwa na kila chapa ya kifahari, mbuzi wengi wangebaki zizini. Kampuni yenye maduka Paris na Tokyo inaweza kukopa benki kwa riba ndogo. Mama wa Makueni anakopa kwenye chama kwa riba ya kila mwezi. Ni yupi kati yao anafaa kumkopesha mwenzake?

---

MwanaKajiado

Dadangu, pole sana kwa hilo la oda.

Mimi ni Mmaasai, mama yangu hutunga shanga. Naongeza suala la nani mwenye michoro na rangi. Mkusanyiko wa nguo za kiume wa Louis Vuitton wa majira ya kiangazi 2012 ulikuwa na mitandio ya mirabamiraba ambayo kila mtu hapa angeiita shuka ya Kimaasai. Wazee wetu kina Isaac ole Tialolo walianzisha juhudi za kulinda jina na sanaa ya Wamaasai wa Kenya na Tanzania, na kampuni ndogo ya Uingereza, Koy Clothing, ilikubali kulipa ada kwa kutumia michoro hiyo. Ilikuwa kampuni ndogo, lakini ilionyesha inawezekana. Kenya pia tuna sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya asili na sanaa za kitamaduni. Ikivuka mpaka inapungua nguvu, lakini angalau ipo pa kuanzia.

Mtu mwingine huniambia, "Lakini shanga zenyewe mnanunua kutoka Jamhuri ya Czech." Ni kweli, shanga nyingi za kioo tunazotumia hutoka huko, kama zamani zilivyokuja na misafara ya biashara. Mpangilio wa rangi ndio wetu. Mama akitunga mkufu wa bibi harusi, anajua rangi ipi inakaa kando ya ipi na mzee yeyote akiuona kwa mbali anatambua ni wa ukoo wa wapi. Mbunifu wa Milan hana budi kulipia maarifa hayo kama anavyolipia ngozi.

---

NipoHamburg

Nawasalimu wote. Naishi Ujerumani, nimewahi kufanya kazi kwenye duka la mikoba ya bei ghali, na nimesoma uzi huu mara mbili.

Upande wa wanunuzi mambo yamesogea. Baada ya jengo la Rana Plaza kuporomoka Bangladesh tarehe 24 Aprili 2013 na kuua watu 1,134, wateja walianza kuuliza dukani nguo imeshonwa wapi. Ujerumani imekuwa na sheria ya minyororo ya ugavi tangu Januari 2023, inayozitaka kampuni kubwa kuchunguza haki za binadamu kwa wanaowauzia. Lakini uchunguzi unaanzia kwa muuzaji wa moja kwa moja. Msusi wa nyumbani yuko ngazi ya tatu au ya nne, baada ya msafirishaji, wakala na kikundi. Mpaka wafike kwake karatasi zimeshajazwa.

Dada ametaja Dior na Italia. Niongeze kwamba ni Dior haohao ambao Machi 2023 walipeleka maonyesho yao Mumbai, mbele ya Lango la India, kuwaheshimu wadarizi wa karakana ya Chanakya waliofanya nao kazi miaka mingi, na ambao wana shule inayofundisha wanawake kudarizi. Kazi ile ni nzuri na majina ya mafundi wa India yalitajwa hadharani. Halafu mwaka uliofuata ikaja ile ya Milan. Kwa hiyo nakubaliana na mwanzisha uzi: jina la chapa halitoshi, unatakiwa kuulizia bidhaa ile na oda ile.

India hiyohiyo, Juni 2025 Prada walionyesha Milan ndala za ngozi ambazo kila Mhindi alizitambua kuwa ni za Kolhapur, ambazo jina lake linalindwa kisheria kwa ajili ya mahali zinapotengenezwa tangu 2019. Mwanzoni hawakutaja asili yake. Watu wakapiga kelele mitandaoni, mafundi na chama cha wafanyabiashara wa Maharashtra, jimbo ulipo mji wa Kolhapur, wakaandika barua, na kampuni ikakiri. Kelele zina faida yake, hasa pale ambapo jina la bidhaa limeshasajiliwa nyumbani.

Swali langu: mimi kama mnunuzi, nikiwa dukani, niulize nini?

---

MsusiWaUkambani

Asante ndugu wa Hamburg, swali lako ndilo nililolingoja.

Uliza kama kikundi kinatajwa kwa jina na mahali. "Akina mama wa Afrika" hawana anwani, "kikundi fulani cha Wote, Makueni" kina anwani. Uliza wamefanya kazi nao kwa muda gani. Chapa iliyorudi kwa wasusi walewale miaka mitano imejifunza kitu, na wasusi nao wamejifunza kutoka kwao. Uliza malipo yanatoka lini. Muuzaji wa dukani hatajua, lakini atauliza juu, na juu wakiulizwa mara nyingi wanaanza kuandaa jibu.

Pia kigeuze kiondo ukitazame kitako. Nasema kwa dhati, kitako kinaeleza mengi. Kikiwa kimekazwa sawasawa na mizunguko inafuatana, msusi alipewa muda. Kikiwa kimelegea huku pande zimekazwa, alikimbizwa. Sisi tukikagua tunakiinua kuelekea jua, mwanga ukipenya kati ya kamba tunamrudishia mwenyewe kabla hakijaenda kwa fundi wa ngozi. Kazi ya kifahari ni hiyo, na anayeitaka alipie muda wake.

Na tafadhali msisite kununua kwa sababu ya haya tunayosema. Duka likiacha kabisa, anayeumia wa kwanza ni msusi. Nunueni, na mkinunua mwulize.

---

KituiYangu

Dada shikamoo. Mama yangu na wenzake wana kikundi kidogo. Kuna mtu amewaandikia kwenye WhatsApp, anasema ana duka nje, anataka sampuli kumi bure kwanza, akizipenda ataleta oda kubwa ya Krismasi. Mama amefurahi sana, mimi nina wasiwasi. Tufanyeje?

---

MsusiWaUkambani

Marahaba mdogo wangu. Msitume kumi bure. Tumeni moja au mbili, na azilipie pamoja na usafiri. Mnunuzi wa kweli anajua sampuli ni kazi. Mkimkubalia akate gharama ya sampuli kwenye oda ya kwanza, hilo ni sawa.

Kila sampuli suka pacha wake, abaki kwenu. Funga lebo zinazofanana, piga picha zote mbili pamoja na rula kando. Mkija kubishana kuhusu rangi au kimo, mtatazama kile kimoja. Andikeni kwamba kimo kinaweza kupishana sentimita moja au mbili, kwa sababu kamba imesokotwa kwa mkono, na kwamba rangi ya mizizi na maganda haitoki sawa kila inapochemshwa. Malipo ya awali yaingie kabla hamjachemsha rangi. Akisema atapunguza oda, karatasi iseme kwamba kilichokwisha kuanzwa kinalipiwa.

Saa pia mzihesabu. Mwambie mama achague kiondo kimoja aandike kwenye daftari kila anapokaa kusokota na kila anapokaa kusuka, hata kama ni nusu saa. Atashangaa. Akishapata jumla, azidishe kwa kile ambacho kibarua wa shamba hulipwa kwa saa hapo kijijini kwenu. Bei isishuke chini ya hapo, nyuzi na ngozi zikiwa mbali.

Kuhusu Krismasi: duka la nje linataka mzigo uwe umefika Oktoba. Na mvua za vuli zikianza, akina mama wote wako shambani kupanda, hakuna atakayesuka. Kwa hiyo kama anataka vingi, oda na malipo ya awali yafike Juni au Julai. Akisema hawezi, mpeni idadi ndogo ambayo mnaweza kuimaliza bila kuacha shamba.

Nitumie picha ya kitako cha sampuli kabla hamjaipeleka, nikuambie kama kamba iko sawa.